AFYA NYUMBANI: Dawa Tatu na Jicho la Mtoto Mmoja

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, nacho ni tone la dawa ya macho. Kwanza nitawasimulia habari ya mtoto mmoja, maana habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtoto huyo ni wa kiume, umri wake miaka tisa, na kwao ni kijiji kimoja cha Mufindi, mkoani Iringa. Wakati wa kuvuna mahindi alikwenda shambani pamoja na mama yake. Huko jani kavu la muhindi likamchoma jicho la kulia. Hakutoka damu, wala hakulia sana. Mama alimtazama, akaona wekundu kidogo tu, wakaendelea na kazi. Kesho yake asubuhi jicho lilikuwa limevimba, latoa machozi, na mtoto hataki kutazama mwangaza.

Bibi yake akachuma majani, akayaponda, akamkamulia maji yake jichoni. Siku mbili zikapita. Jirani mwema akaleta tyubu ya dawa ya macho iliyobaki tangu mwaka uliotangulia, nusu imekwisha kutumika, na kifuniko kimepotea. Wakampaka. Siku tatu nyingine zikapita. Ndipo baba yake akaenda mjini, akaeleza dukani kwamba mtoto ana jicho jekundu, akauziwa kichupa cha matone. Dawa hii ya tatu iliwafurahisha wote, kwa sababu kwa siku mbili wekundu ulipungua. Lakini siku ya kumi na mbili mtoto alisema, “Mama, kwa jicho hili sikuoni.” Walipomtazama vizuri wakaona doa jeupe juu ya mboni, kama tone la maziwa. Ndipo walipokwenda hospitali.

Leo mtoto yule yuko shuleni. Jicho la kushoto ni zima. Kwa jicho la kulia aona mwangaza na kivuli cha mkono, basi. Mama yake aliniambia, “Lakini sisi tulimtia dawa tangu siku ya kwanza.” Maneno hayo ni ya kweli, nayo ndiyo yaliyoniuma. Watu wale hawakuwa wavivu, wala hawakukosa kumpenda mtoto wao. Walitia dawa tatu. Ila hawakujua dawa ya jicho ni kitu gani, hutengenezwaje, na huingiaje jichoni. Nani aliwahi kuwaeleza? Basi na tuelezane.

Jicho na walinzi wake

Jicho ni kama nyumba yenye walinzi. Mlinzi wa kwanza ni kope, ambazo hufumba upesi kitu kikikaribia. Wa pili ni machozi. Machozi hayaji wakati wa kulia tu. Huoga jicho mchana kutwa, yakasukuma uchafu mpaka kwenye kona iliyo karibu na pua. Hapo pana kitundu kidogo ambacho machozi hupitia kuingia puani na kooni. Ndiyo sababu mtu akitiwa dawa jichoni, baada ya kitambo kidogo huonja uchungu wake kooni.

Mlinzi wa tatu ni kioo cha mbele ya jicho, ambacho madaktari hukiita konea. Ni ngozi nyembamba isiyo na rangi, tena haina mishipa ya damu, maana damu ingezuia mwangaza. Nje ina tabaka inayozuia maji, katikati ina tabaka inayopenda maji, na ndani tena ina tabaka inayozuia maji. Kwa hiyo dawa iliyo ya maji tu hugonga mlango wa kwanza, na dawa iliyo ya mafuta tu hukwama katikati. Watengeneza dawa hufanya kazi kubwa kupata kitu kinachoweza kupita pande zote mbili.

Na walinzi hawa hawajui kupambanua. Wakiona uchafu huufukuza, na wakiona dawa huifukuza vile vile. Ukidondosha tone, dakika chache tu baadaye sehemu kubwa imekwisha kuoshwa. Katika sehemu 100 za dawa uliyotia, zinazopenya ndani ya jicho mara nyingi hazizidi 5.

Hivyo walinzi wakiwa wazima, jicho ni salama. Lakini jani la muhindi lilipokwaruza konea ya mtoto yule, mlango ulibaki wazi. Sasa kila kilichotiwa kingeweza kuingia, chema na kibaya pia.

Dawa ya kwanza: maji ya majani

Siwacheki wazee wetu. Miti mingi ina dawa, na dawa kadhaa za hospitali zilitoka katika mimea. Lakini kuna tofauti kati ya dawa ya kunywa na dawa ya jicho. Tumbo lina nguvu ya kuua vijidudu vingi. Jicho lililokwaruzwa halina.

Kiwandani dawa ya macho hutengenezwa ifanane na machozi. Machozi yana chumvi kidogo, na dawa hupimwa chumvi yake iwe sawa nayo, karibu gramu 9 katika lita moja ya maji. Ikizidi, jicho huwasha. Ikipungua, pia huwasha. Tena hupimwa isiwe chachu kama ndimu wala kali kama magadi. Mwisho, na hili ndilo kubwa, dawa yenyewe, maji yake na chupa yake husafishwa mpaka asibaki kijidudu hata kimoja, nayo hutiwa katika chupa ndani ya chumba ambacho hata hewa yake huchujwa. Kwa hiyo mtu asijaribu kuitengeneza nyumbani kwa chumvi na maji ya kisima, hata maji hayo yakiwa maangavu kama kioo.

Majani yaliyopondwa hayakupimwa chumvi wala uchachu, nayo yana vumbi la shamba, vijidudu na kuvu. Vivyo hivyo mkojo, mate, na maziwa ya mama yanayotiwa macho mekundu ya watoto wachanga. Mwaka 1994 madaktari wa macho Yorston na Foster walitoa taarifa juu ya wagonjwa wenye vidonda vya konea hapa Tanzania. Karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni. Ndugu wasomaji, mmoja katika kila wanne si jambo dogo.

Dawa ya pili: tyubu ya jirani

Dawa aliyoleta jirani ilikuwa ya mafuta, yenye tetrasaiklini. Dawa hii ni nzuri sana. Mafuta yake huyeyuka kwa joto la mwili na kukaa jichoni muda mrefu kuliko tone la maji. Hata mtoto akilia, machozi hayaioshi upesi. Hasara yake ni kwamba kwa muda macho huona ukungu, na kwa hiyo watu wengi huipaka wakati wa kulala.

Kosa halikuwa katika dawa, bali katika tyubu ile. Dawa ya macho huwa safi mpaka siku ifunguliwapo. Tangu hapo hesabu huanza. Kila ncha yake inapogusa kope au kidole, vijidudu huingia. Ndani ya chupa nyingi za matone hutiwa dawa nyingine kidogo ya kuzuia vijidudu visizaane, lakini uwezo wake una mwisho. Ndiyo maana matone mengi huamriwa kutupwa majuma manne baada ya kufunguliwa, hata kama yamebaki nusu. Twaona uchungu kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha. Lakini tyubu iliyokaa wazi mwaka mzima juu ya kabati si akiba. Ni shamba la vijidudu.

Dawa ya tatu: kichupa cha dukani

Kichupa kile kilikuwa na dawa ya jamii ya kotisoni. Madaktari huitumia kwa faida kubwa, kwa mfano baada ya kumtoa mtu mtoto wa jicho. Kazi yake ni kutuliza wekundu na uvimbe. Lakini wekundu na uvimbe ni kelele za walinzi wakipigana na adui. Kotisoni huwanyamazisha walinzi, adui akabaki akila ndani kimya kimya. Jicho lililochomwa na jani mara nyingi huingiwa na kuvu, na kuvu hustawi sana chini ya kotisoni. Tena mtu akiitumia muda mrefu bila kupimwa, yaweza kumletea presha ya macho au mtoto wa jicho.

Basi jicho la mtoto lilionekana kupona wakati lilipokuwa likiharibika. Msinunue matone kwa kusema tu, “Nataka dawa ya jicho jekundu.” Wekundu una sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake.

Dawa ya nne

Hospitalini daktari alikwangua kidonda kidogo, akatazama kwa hadubini, akaona kuvu. Mtoto akapewa dawa iitwayo natamaisini. Hii ni unga mweupe usioyeyuka. Huelea ndani ya maji, nao ukikaa hushuka chini ya chupa. Usipoitikisa, mgonjwa hupata maji matupu, kisha siku za mwisho hupata unga mtupu. Mama aliambiwa amtie kila saa, mchana na usiku. Alishangaa, akadhani ni adhabu. Lakini ninyi mliosoma habari za machozi mwajua sababu: kila tone huoshwa, kwa hiyo hapana budi lingine lifuate, mpaka dawa ijipatie nafasi ndani ya konea. Mama alifanya hivyo siku nyingi bila kulala vizuri. Kidonda kikapona, lakini kovu likabaki.

Sasa nisikilizeni. Katika nchi ya Nepal, ambayo ni ya milima na wakulima kama sisi, madaktari wa wilaya ya Bhaktapur walitoa taarifa mwaka 2001. Waliwafundisha watu wa vijijini kuwatambua waliokwaruzwa konea, kisha kuwapa dawa ya mafuta ya kloramfenikoli mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Watu 96 katika kila 100 walipona bila kupata kidonda. Na wale waliotiwa dawa ndani ya saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kitu kilichowaokoa kilikuwa tyubu ndogo ya dawa ya mafuta, mpya na safi, siku ile ile. Zahanati ya karibu na kwao mtoto wetu iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Namna ya kutia dawa

Dawa njema ikitiwa vibaya hupotea. Fanyeni hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Soma jina la dawa na tarehe ya mwisho. Angalia sana, maana vichupa vya gundi kali hufanana na vichupa vya dawa. Visiwekwe mahali pamoja.

2. Kama imeandikwa itikiswe, itikise.

3. Mgonjwa aketi na kuinua uso, au alale chali. Vuta kope ya chini taratibu mpaka ifanye kama mfuko mdogo. Dondosha tone humo. Ncha ya chupa isiguse kitu chochote.

4. Tia tone moja tu. Tone moja tayari ni kubwa kupita nafasi iliyopo. La pili humwagika shavuni.

5. Mgonjwa afumbe macho pole pole bila kukaza, kisha ubonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua, dakika moja au mbili. Hivyo umeziba kile kitundu, nayo dawa haikimbilii kooni.

6. Kama kuna dawa mbili, ngoja dakika 5 kati ya moja na nyingine. Matone hutangulia, dawa ya mafuta hufuata.

Mtoto mkaidi asipigwe wala asishikwe na watu wanne. Mlaze chali akiwa amefumba macho, weka tone katika kona karibu na pua, kisha mwambie hadithi. Akifumbua macho, tone huingia lenyewe.

Njia nyingine za kulifikia jicho

Si kila dawa ya jicho hupita jichoni. Wenzetu wa Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, wajua habari za usubi, ugonjwa unaoletwa na vijinzi vya kando ya mito yenye maji ya kasi. Vijinzi hivyo huingiza minyoo mwilini, na watoto wa minyoo hiyo huenea chini ya ngozi mpaka jichoni. Hapa tone la jichoni halifai kitu, maana adui ameenea mwili mzima. Dawa yake ni vidonge vya Mectizan. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuvitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huo, na wagawa dawa wa vijiji vyetu wamepita nyumba kwa nyumba wakiwa na fimbo ya kupimia urefu, ili kila mtu apate vidonge vinavyomfaa. Wengi waliuliza, “Kwa nini kila mwaka?” Kwa sababu dawa hii huua watoto wa minyoo, lakini wazazi wao hubaki hai miaka mingi, wakazaa tena.

Trakoma nayo, ambayo watu huiita vikope, ilitibiwa zamani kwa tetrasaiklini ya mafuta mara mbili kwa siku, muda wa majuma sita. Ni kina mama wangapi wawezao kufanya hivyo bila kukosa hata siku moja? Baadaye ikaja azithromaisini, ambayo humezwa mara moja tu na kukaa mwilini siku kadhaa. Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, karibu watu wote walipewa dawa hii mwaka 2000. Kabla yake, kijidudu cha trakoma kilionekana machoni mwa watu 9 au 10 katika kila 100. Miaka miwili baadaye alibaki mmoja katika kila 1,000. Hata hivyo waliozidi kuonyesha dalili walipewa tyubu ya tetrasaiklini, tena usafi wa uso haukuacha kuwa na kazi yake. Jirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, walionyesha hivyo mwaka 1995: vijiji vilivyopata dawa pamoja na mafundisho ya kuosha nyuso za watoto vilikuwa na trakoma kali kidogo kuliko vijiji vilivyopata dawa peke yake.

Mtoto mchanga naye ana haki yake. Tangu mwaka 1880, Daktari Credé wa Leipzig, Ujerumani, alipoanza kuwatia watoto wachanga tone la dawa ya fedha machoni, upofu mwingi umezuiwa. Siku hizi hutumika dawa ya mafuta badala yake. Mkunga akimpaka mwanao dawa machoni saa ile ile anapozaliwa, usimzuie. Na matone ya vitamini A, ambayo watoto wa tangu miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa mdomoni kila baada ya miezi 6, hayo pia ni dawa ya jicho, ijapokuwa hayagusi jicho.

Neno kwa wazee

Babu au bibi aliyeambiwa ana presha ya macho hupewa matone ya kila siku, maisha yote. Wengi huacha, wakisema, “Sioni nafuu.” Ni kweli, hawataona nafuu. Matone hayo hayarudishi kilichopotea, hulinda kilichobaki. Basi tuwakumbushe, tuwatilie kama mikono yao yatetemeka. Mwenye pumu amweleze daktari kabla, maana baadhi ya matone hayo yakishuka kooni na kuingia katika damu huweza kumbana pumzi. Wala matone ya bibi yasipewe mjukuu mwenye jicho jekundu.

Wasomaji wapenzi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama yule wa Mufindi aliniruhusu kuandika habari hii, ila majina yao yasitajwe. Alisema, “Waambie wenzangu waende siku ya kwanza.” Nami nimewaambia. Mavuno ya mahindi huja kila mwaka. Jani likimchoma mtoto jichoni, acheni kikapu pale pale shambani, mkamwoshe jicho kwa maji safi kama limeingia taka, msilisugue, msilitie kitu, mkaende zahanati siku ile ile. Kikapu mtakikuta.